Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bendi ya Café Tacvba

Mtu akishasikia wimbo mmoja wa Café Tacvba, mara nyingi "Eres" au "Las Flores", maswali huanza kumiminika, na mengi hufanana. Haya hapa, kuanzia ya mgeni kabisa hadi yale ambayo mashabiki hubishania. Si lazima usome kwa mpangilio. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimeelekeza.

## Mwanzo wa bendi

Café Tacvba ni akina nani?

Ni bendi ya watu wanne kutoka viunga vya kaskazini-magharibi mwa Jiji la Mexico, iliyoanza mwaka 1989. Rubén Albarrán ndiye mwimbaji. Emmanuel del Real, ambaye kila mtu humwita Meme, yuko kwenye kinanda, melodika na mitambo ya midundo, na huimba pia. Joselo Rangel anapiga gitaa, na ndugu yake Enrique, yaani Quique, anapiga besi, mara nyingi ile kubwa ya kusimama.

Mwanzoni kabisa walikuwa pia na mwanamuziki mwingine, Roberto Silva, lakini tangu albamu ya kwanza ya 1992 ni hao hao wanne. Wote wanne wanatunga. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana: ukiuliza nani ndiye kichwa cha Café Tacvba, hakuna jibu. Nyimbo zinazopendwa zaidi zimetoka kwenye mikono tofauti, na mwimbaji mkuu si yeye aliyeimba wimbo wao maarufu kuliko yote (tazama swali la "Eres").

Jina limetoka wapi, na kwa nini linaandikwa kwa "v"?

Kabla ya hapo waliitwa Alicia Ya No Vive Aquí, jina la Kihispania la filamu moja ya Martin Scorsese. Baadaye wakachukua jina la mkahawa wa zamani, Café de Tacuba, uliofunguliwa 1912 katika mtaa wa Tacuba, katikati ya jiji. Mkahawa huo bado upo na bado unauza chakula. Ili kuepuka mgogoro wa kisheria na wenye mkahawa, "u" ikageuzwa "v". Matamshi hayabadiliki kwa sababu hiyo: sema "Kafé Takuba". Kwenye albamu za mwanzo utakuta "Tacuba" na za baadaye "Tacvba". Ni bendi ile ile.

Wanatoka mtaa wa aina gani?

Ciudad Satélite, katika manispaa ya Naucalpan, Jimbo la Mexico. Ni kitongoji kilichopangwa na kujengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya tabaka la kati lenye magari, na alama yake ni minara mitano ya rangi iliyobuniwa na Luis Barragán na Mathias Goeritz, ikisimama katikati ya barabara kuu.

Naona habari hii inaeleza mengi. Vijana wa Satélite hawakukulia shambani wala katika mitaa ya kale ya katikati ya jiji. Muziki wa asili wa nchi yao waliusikia redioni, kwenye sherehe za familia, kwenye sahani za santuri za wazazi, huku televisheni na maduka yakiwauzia Marekani. Walipoamua kupiga muziki wa Kimexico walikuwa wakiuendea kwa makusudi, kwa udadisi na upendo wa mtu anayekitafuta kitu chake mwenyewe. Ndiyo maana hawakuushika kama urithi wa makumbusho. Waliufungua, wakauchanganya, wakaucheka kidogo, wakaupenda tena.

Hali ya roki nchini Mexico ilikuwaje walipoanza?

Ilikuwa inatoka kifungoni. Septemba 1971 lilifanyika tamasha kubwa la Avándaro, huko Valle de Bravo, lililojaza umati wa vijana. Nchi ilikuwa na serikali ambayo miaka mitatu tu kabla yake ilikuwa imewapiga risasi wanafunzi pale Tlatelolco, na mkusanyiko wa vijana wengi kiasi kile uliitia hofu. Baada ya Avándaro matamasha ya roki yakazuiwa, redio zikayapa mgongo makundi ya nyumbani, na muziki huo ukakimbilia kwenye mabohari na viwanja vya pembezoni vilivyoitwa "hoyos fonky". Kwa zaidi ya muongo mmoja roki ya Mexico ikaishi hivyo, kwa kificho.

Miaka ya 1980 mlango ukaanza kufunguka. Tetemeko la Septemba 1985 liliwafanya wakazi wa jiji wajipange wenyewe pasipo kungoja serikali, na moyo ule ukaingia kwenye sanaa. Kampuni za kurekodi nazo zikagundua kwamba roki ya Kihispania inauzika. Botellita de Jerez walikuwa wameshaonyesha kwamba inaweza kuimbwa kwa lugha na utani wa mtaani, Caifanes wakatikisa nchi kwa "La Negra Tomasa" iliyopigwa kwa mwendo wa kumbia, na Maldita Vecindad wakaleta saksafoni na mitindo ya wapachuko, wale vijana wa Kimexico wa miaka ya 1940 waliojulikana kwa suti zao pana. Café Tacvba waliingia uwanjani hapo, wakipiga kwenye kumbi ndogo kama El Hijo del Cuervo, pale Coyoacán. Hawakuwa wa kwanza kuchanganya. Waliovuka mbali zaidi ya wote, kwa maoni yangu, ni wao.

Kwa nini hawana mpiga drams?

Hawajawahi kuwa naye kama mwanabendi. Walianza na mashine ya drams, na badala ya kuiona kama pengo la kuzibwa wakaifanya sehemu ya sauti yao: mdundo mkavu wa mashine chini, gitaa la mbao na besi ya kusimama juu yake. Sikiliza albamu ya kwanza utaona jinsi mchanganyiko huo unavyosikika wa kale na wa kisasa kwa wakati mmoja.

Drams za kupigwa na mtu zilishika nafasi kubwa kwenye *Cuatro Caminos* ya 2003, wakitumika wapigaji waalikwa. Jukwaani tangu wakati huo mara nyingi yupo Luis Ledezma, na kwa miaka mingi mpiga fidla Alejandro Flores amekuwa nao karibu kiasi kwamba mashabiki humhesabu kama mwanabendi wa tano.

## Albamu

Nianzie wapi?

*Re*, ya 1994. Ukiipenda, nenda *Cuatro Caminos*, kisha rudi nyuma. Ukiona *Re* ina mambo mengi mno kwa mara moja, anza na *Avalancha de éxitos* ya 1996, ambayo ni fupi, ina nyimbo nane tu, na zote zinaingia sikioni haraka. Albamu ya kwanza inafaa baada ya hapo. *Revés/Yo Soy* iache kwa siku utakapokuwa na utulivu.

Albamu zao zote za studio ni zipi?

Ni nane: *Café Tacuba* (1992), *Re* (1994), *Avalancha de éxitos* (1996), *Revés/Yo Soy* (1999), *Cuatro Caminos* (2003), *Sino* (2007), *El objeto antes llamado disco* (2012) na *Jei Beibi* (2017). Kando ya hizo kuna *Vale Callampa* (2002), rekodi fupi ya nyimbo nne za bendi ya Chile iitwayo Los Tres, pamoja na rekodi za jukwaani.

Kwa nini *Re* inasifiwa kiasi hicho?

Kwa sababu ndani ya nyimbo ishirini imepita karibu kila muziki uliokuwa ukisikika Mexico, na haijapotea njia. "La Ingrata" ni ya kaskazini, mwendo wa norteño. "El Aparato" inaanza na nyuzi za jarana, gitaa dogo la Veracruz, na kuishia kwenye wimbo unaofanana na wa ibada, wakati mada yake ni chombo cha ajabu kilichotua. "El Puñal y el Corazón" ni bolero. Kuna panki, kuna fanki, kuna disko, kuna tarumbeta za banda, yaani muziki wa matarumbeta wa vijijini. Mtu akikueleza hivyo utadhani ni vurugu. Ukiisikiliza unatambua kwamba ni watu wale wale wanne wakizunguka chumba hadi chumba ndani ya nyumba moja.

Wakati ulikuwa mzito pia. Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulianza kutumika, na siku hiyo hiyo Wazapatista, wengi wao Wamaya wa Chiapas, wakashika silaha. Nchi nzima ikawa inajiuliza inaelekea wapi na nani ameachwa nyuma. *Re* ilitoka miezi michache baadaye, na swali hilo limo ndani yake. Katika "Trópico de Cáncer" mtu anamsihi Salvador, mwajiriwa anayeiacha kampuni, asiondoke, kwa hoja kwamba maendeleo bado yanamhitaji na misitu bado ipo ya kutosha. Msikilizaji anaelewa vizuri kwa nini Salvador anaondoka.

Wimbo ninaouona kuwa moyo wa albamu ni "El Fin de la Infancia". Umepigwa kwa mtindo wa banda, tarumbeta na tuba za vijijini ambazo wakati ule vijana wa mjini walizidharau kuwa ni muziki wa washamba. Na juu ya tarumbeta hizo hizo wanauliza kama tutaweza siku moja kucheza ngoma kwa hiari yetu, pasipo kungoja maelekezo kutoka kwa wengine. Hapo ndipo penye jibu la maswali mengi ya ukurasa huu. Bendi hii haikuwa ikipamba roki ya kigeni kwa vionjo vya nyumbani. Ilikuwa ikidai haki ya kuanzia nyumbani.

Wahakiki wa Marekani wameilinganisha na albamu nyeupe ya The Beatles, na mwaka 2012 jarida la Rolling Stone liliiweka ya kwanza katika orodha yake ya albamu bora za roki ya Kilatini.

*Avalancha de éxitos* ni nyimbo za kopi tu. Kwa nini inapendwa?

Kwa sababu hawakupiga kopi kama zilivyo. Kila wimbo umehamishwa makazi. "Ojalá que Llueva Café" ya Juan Luis Guerra, ambayo kwao Jamhuri ya Dominika ni merenge, hapa imekuwa huapango, muziki wa asili wa eneo la Huasteca nchini Mexico, fidla ya Alejandro Flores ikikimbia mbele na sauti ikipanda juu kwa falsetto. "Cómo te Extraño Mi Amor" ya Leo Dan wa Argentina imegeuka wimbo wa kupigiwa kelele na uwanja mzima. "Perfidia" ya Alberto Domínguez wa Chiapas, "No Me Comprendes" ya Bola de Nieve wa Cuba, wimbo wa kundi la wasichana Flans na "Chilanga Banda" ya Jaime López zimekaa pamoja kwenye sahani moja. Hakuna anayepewa heshima ndogo, awe mtunzi wa bolero au nyota wa pop wa televisheni. Wengi waliokulia kwenye televisheni ya miaka ya 1980 walijifunza kupitia albamu hii kwamba si lazima kuona aibu kwa kilichowalea.

Je, ni kweli *Revés/Yo Soy* iliwaharibia?

Kibiashara iliwagharimu. Ni albamu mbili kwa pamoja: *Revés* ni muziki mtupu pasipo maneno, na *Yo Soy* ni ya nyimbo. Baada ya vibao vya miaka ya katikati ya 1990, kuleta kitu kama hicho kulihitaji ujasiri. Mauzo hayakuwa ya kutamba, na kazi iliyofuata ilitoka kwa kampuni nyingine.

Lakini kisanaa hapana. Ilishinda Latin Grammy katika sherehe ya kwanza kabisa ya tuzo hizo, mwaka 2000. Iliwafungulia pia mlango wa watu wa muziki wa ala: Kronos Quartet, kundi la nyuzi la San Francisco, liliweka kwenye albamu yake *Nuevo* ya 2002 kipande cha Café Tacvba kiitwacho "12/12". Na "La Locomotora" na "La Muerte Chiquita", zote za *Yo Soy*, ni miongoni mwa nyimbo nzuri kuliko zote walizotunga. Nikilazimishwa kuchagua albamu yao ya kijasiri zaidi, ni hii, si *Re*.

*Cuatro Caminos* ilibadilisha nini?

Iliwapa uzito wa bendi ya roki yenye drams halisi (tazama swali la mpiga drams). Watayarishaji walikuwa watatu tofauti: Gustavo Santaolalla wao wa siku zote, Dave Fridmann na Andrew Weiss. Jina ni la kituo cha mwisho cha Mstari wa 2 wa treni za chini ya ardhi, mahali ambapo jiji linakutana na viunga vya upande wa Satélite, na bila shaka njia nne zinawafaa watu wanne. Ilishinda Grammy ya Marekani mwaka 2004, na Latin Grammy vilevile.

Na baada ya hapo, kuna cha kusikiliza?

Kipo. *Sino* ni albamu ya watu wazima walioruhusu magitaa yatanuke. "Volver a Comenzar" inachukua muda wake na kila dakika inastahili. Wapenzi wa michezo ya video huijua kutoka LittleBigPlanet. *El objeto antes llamado disco* ilirekodiwa mbele ya hadhira ndogo katika miji minne, Buenos Aires, Santiago, Jiji la Mexico na Los Angeles, watu wakisikia kwa mara ya kwanza nyimbo ambazo hazijatoka. *Jei Beibi* waliitoa wakiwa huru, hawako chini ya kampuni kubwa, na imetulia zaidi ya zote.

Unplugged, yaani rekodi za jukwaani za MTV zinazopigwa kwa ala zisizo za umeme, ziko ngapi?

Mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ilirekodiwa 1995, katika joto la *Re*, lakini haikutolewa kama albamu hadi 2005. Ya pili ilirekodiwa Machi 2019 katika ukumbi wa Nezahualcóyotl wa chuo kikuu cha taifa, UNAM, ambao ni ukumbi wa okestra. Walio wengi huipenda ya kwanza kwa sababu ya moto wake. Ya pili isikilizwe kwa ajili ya upangaji wa ala.

## Nyimbo

Nani anaimba "Eres"?

Meme del Real, naye ndiye aliyeutunga. Umetoka kwenye *Cuatro Caminos* na ulishinda Latin Grammy ya wimbo bora wa roki mwaka 2004. Ni wimbo wa mapenzi wa moja kwa moja, maneno machache yasiyo na mafumbo, na ndiyo maana umekuwa wa harusini na wa kuimbiana chini ya dirisha. Wapo mashabiki wa zamani wanaouona mwepesi. Mimi nauona mgumu: kuandika maneno rahisi kiasi hicho baada ya zaidi ya miaka kumi ya kujulikana kwa ugumu ni kazi.

Najua Kihispania, lakini "Chilanga Banda" sielewi. Tatizo ni nini?

Huna tatizo. Jaime López aliujaza wimbo huo misimu ya mtaani ya Jiji la Mexico, karibu kila neno likiwa na sauti ya "ch". Mhispania wa Madrid au Mwargentina naye hubaki njia panda. Hadithi ipo, ya dereva na maisha ya uhuni ya jiji, ila utamu wake uko kwenye kinywa cha anayeimba. Sikiliza kama unavyosikiliza ngoma.

Kwa nini waliacha kuimba "La Ingrata"?

Wimbo huo unasimuliwa na mwanamume aliyeachwa, naye anatishia kumpiga risasi mpenzi wake. Walipoutunga walikuwa wakiigiza kwa kutia chumvi yale majivuno ya wanaume kwenye nyimbo za kaskazini na kwenye filamu za zamani. Ulikuwa kibao chao kikubwa cha kuchezea.

Mwaka 2017 Rubén alisema hadharani kwamba bendi imeamua kuuacha. Mexico inaishi na mauaji ya wanawake yanayofanywa kwa sababu tu ni wanawake, na hakuona tena sawa kuwafanya maelfu ya watu waimbe kwa furaha maneno yale. Mjadala ulikuwa mkali: wengine walisema utani ni utani, wengine wakashukuru. Nadhani walifanya vema. Wimbo haukufutwa popote, albamu ipo na kila mtu anaweza kuusikia. Walichokataa ni kuyaimba wao maneno yale, kwa midomo yao, mbele ya watu wenye ndugu waliouawa.

"Las Batallas" inahusu vita gani?

Si vita. Imetokana na riwaya fupi ya José Emilio Pacheco, *Las batallas en el desierto*, ya 1981, kuhusu mvulana wa shule anayempenda Mariana, mama wa rafiki yake, katika Jiji la Mexico la miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Wengi nchini Mexico waliujua wimbo kabla ya kitabu. Vilevile "Rarotonga", ya albamu hiyo hiyo, imetoka kwa shujaa wa kike wa vitabu vya katuni vya Mexico. Bendi hii imekuwa ikisoma kila kitu, cha maktaba na cha kibanda cha magazeti.

## Watu na misimamo

Gustavo Santaolalla ana mchango gani?

Mkubwa. Mwargentina huyu, aliyewahi kuongoza bendi ya Arco Iris kwao, alitayarisha albamu ya kwanza na karibu zote zilizofuata, kwa muda mrefu akiwa na mwenzake Aníbal Kerpel. Ndiye pia aliyefanya kazi na Caifanes, Maldita Vecindad, Molotov na Julieta Venegas, hivyo sehemu kubwa ya roki ya Mexico ya miaka ya 1990 imepita mikononi mwake. Baadaye alishinda Oscar mbili mfululizo kwa muziki wa filamu *Brokeback Mountain* na *Babel*.

Usifikirie kwamba yeye ndiye aliyewatengeneza. Kipaji chake kwa bendi hii kilikuwa kujua ni kipi asiguse. Mtayarishaji mwingine angewatafutia mpiga drams siku ya kwanza.

Kwa nini mwimbaji anabadilisha jina kila mara?

Rubén amejiita Juan, Cosme, Anónimo, Nrü, Élfego Buendía, Gallo Gasss, Sizu Yantra na mengine mengi. Kila kipindi cha bendi huja na jina jipya, mavazi mapya na hata namna mpya ya kuimba: mara sauti kali ya puani, mara nyororo. Ukikuta majina tofauti kwenye maelezo ya albamu, usidhani walibadilisha mwimbaji.

Je, ni bendi ya kisiasa?

Si ya majukwaa ya vyama. Lakini hawajajificha. Mwezi Mei 2012 walishiriki Wirikuta Fest katika uwanja wa Foro Sol, tamasha la kuwaunga mkono Wawixárika, watu wa asili wa Mexico, waliokuwa wakipigania eneo lao takatifu lisichimbwe madini. Rubén amekuwa mstari wa mbele kwa muda mrefu katika masuala ya mazingira na ya watu wa asili. Swali la "La Ingrata" hapo juu nalo ni sehemu ya jibu hili.

## Urithi, na maswali ya pembeni

Wameacha alama gani kwa waliokuja baadaye?

Kubwa zaidi ni ruhusa. Kabla yao, kijana wa roki aliyeweka akodioni au tarumbeta za banda kwenye wimbo wake alionekana anafanya mzaha. Leo msanii wa Mexico anaweza kupita kutoka son jarocho, muziki wa asili wa Veracruz, hadi muziki wa elektroniki ndani ya albamu moja na hakuna anayeshangaa. Natalia Lafourcade, ambaye ameufikisha muziki wa asili wa Veracruz mbali sana, alifanya albamu yake *Hu Hu Hu* ya 2009 Meme akiwa mmoja wa watayarishaji. Kwa Wamexico walioko Marekani bendi hii ina uzito mwingine tena: watoto waliozaliwa Los Angeles au Chicago wamepata humo muziki usiowataka wachague kati ya nyumba ya wazazi na mtaa wa nje.

Muziki wao umetumika kwenye filamu zipi?

*Amores perros* ya 2000 ina "Aviéntame", na *Y tu mamá también* ya 2001 ina "Insomnio". Filamu zote mbili ni za kipindi kile ambacho sinema ya Mexico ilikuwa ikiinuka tena, na hata kwa mtu asiyejua bendi, huenda hapo ndipo alipoisikia mara ya kwanza.

Sijui Kihispania kabisa. Nitafaidi?

Utafaidi, na pengine haraka kuliko unavyodhani. Sikio la Afrika Mashariki na Kongo si geni kwa muziki huu. Santuri za GV zilizoletwa kuanzia miaka ya 1930 zilijaa son na bolero za Cuba, na kutoka humo likaota tawi zima la rumba na dansi letu. Ukisikia bolero za Café Tacvba, gitaa lake halitakuwa mgeni. Muziki wa Veracruz nao una damu ya Kiafrika, ya watu waliofikishwa pale bandarini kama watumwa, na unaisikia katika namna jarana inavyopigwa kama ngoma. Anza na "Las Flores", "Ojalá que Llueva Café" na "El Baile y el Salón", ambayo kiitikio chake hakina hata neno la kutafsiri.

Wanachama wana kazi nje ya bendi?

Ndiyo. Rubén ana kundi la Hoppo!, pamoja na wanamuziki wa Chile, na rekodi kwa jina la Sizu Yantra. Joselo ametoa albamu zake na ameandika safu ya gazeti kwa miaka mingi. Quique amepiga na Los Odio! na Meme hutayarisha kazi za wengine. Kazi hizi hazikuwa dalili za kuvunjika. Mara nyingi baada ya kila mapumziko walirudi na kitu kipya.

Bado wapo?

Wapo. Mwaka 2023 walitoa wimbo mpya, "La Bas(e)", na wanaendelea kupanda jukwaani Mexico, Marekani na Amerika ya Kusini. Maonesho yao ni marefu, na umati huimba kuliko bendi.

Nimesikia wanataka kuondoka Spotify. Ni kweli?

Mwishoni mwa 2025 Rubén alitangaza kwamba ameziomba kampuni zenye haki za rekodi ziondoe muziki wa bendi kwenye mtandao huo, akipinga, pamoja na mengine, uwekezaji wa mwanzilishi wake katika teknolojia ya kivita. Bendi peke yake haiwezi kubonyeza kitufe: albamu za mwanzo ziko mikononi mwa Warner, na za kuanzia *Vale Callampa* kwa miaka kadhaa ziko Universal. Kwa hiyo ukiona albamu fulani ipo na nyingine haipo, sababu huenda ni hiyo. Sahani na rekodi za jukwaani bado zinauzwa, na *Re* hasa inafaa kumilikiwa, isikilizwe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa ishirini kwa mpangilio wake.